Tarehe ya Watega Fuko wa Kanja

Kanja imekaa kwenye miteremko ya kusini-mashariki ya Mlima Kenya, upande wa Runyenjes huko Embu, kati ya kahawa na majani chai. Ukiulizia mitego huku, utaelekezwa kwa mtega fuko, si kwa mtega mbweha. Mbweha ni wa kule chini, nyanda kame za Mbeere, anakonyemelea kuku na vitoto vya mbuzi, na wafugaji humwekea kitanzi cha waya kwenye upenyo wa ua. Huku juu ardhi imelimwa mpaka ukingoni mwa msitu, na adui aliyesalia anaishi udongoni.

Kazi ya kutega fuko imekua pamoja na shamba. Waingereza waliitiisha Embu mwaka 1906. Katika miaka ya 1930 wakulima wachache wa Embu, Meru na Kisii wakaruhusiwa kupanda kahawa, kisha Mpango wa Swynnerton wa 1954 ukahimiza kuunganisha vipande vya ardhi na kutoa hatimiliki. Mei 1977 Kenya ikapiga marufuku uwindaji. Tangu hapo kumtegea paa ni kesi; kumtegea fuko kumebaki shughuli ya shambani. Ng'ombe wa maziwa alipoanza kufungiwa zizini, majani ya nepia yakaenea, na fuko akapata karamu.

Fuko huyu si yule wa Ulaya anayekula minyoo. Wetu hutafuna mizizi, viazi vitamu na matunguu ya migomba, na huchimba kwa meno yake ya manjano. Mgomba huweza kusimama wima huku chini hauna kitu.

Mtegaji hutafuta kichuguu ambacho udongo wake bado una unyevu, maana cha jana hakina mtu. Hufukua mpaka aone njia, akaisafisha kwa mkono uliopakwa udongo uleule. Hutia kitanzi kinachokaa sawasawa na mdomo wa shimo, akakifunga kwenye fito mbichi iliyopindwa, kisha akaishikiza fito kwa uzi unaokatiza njia. Chambo hakihitajiki. Fuko hapendi upepo wala mwanga nyumbani mwake, atarudi kuziba. Anaposukuma udongo na kuukata uzi, fito huruka. Shida ni fuko mzoefu: huleta udongo mwingi, akauzika mtego mzima bila kugusa uzi. Hapo mtegaji hufukua upya, na safari hii hutegea pande zote mbili.

Huko Marekani, anayetega mbweha na koyote hufuata njia nyingine. Mitego ya chuma aliyoibuni Sewell Newhouse wa Oneida katika karne ya 19 ilienea kote, na watumiaji wake huichemsha kuondoa harufu ya mtu, wakaifukia kwa udongo mwembamba na kunyunyiza mkojo wa mnyama. Wao humvuta mnyama kwa tamaa. Wa Kanja humvuta fuko kwa utunzaji wake wa nyumba. Mimi naona wa Kanja ndiye mwerevu zaidi, ingawa hana cha kuuza zaidi ya mkia.

Naam, mkia. Malipo ni kwa kichwa, na mkia ndio ushahidi. Fuko mzima akiachwa mikononi mwa mtegaji, anaweza kuhesabiwa tena shamba la jirani. Wenye mashamba nao huwatania watega fuko kwamba kila wanaposafisha shamba, huacha jike mmoja wa msimu ujao. Wategaji hucheka tu, hawakani.