Wati za Kwenye Boksi na Spika za Mshua: Mziki Mnene Ulivyopanda Milima ya Upare

Same mjini kila mtaa una jamaa wa hivi. Kaletewa spika mbili kubwa za mbao kutoka Dar, za mtumba, nzito mpaka konda wa basi kalalamika. Nyuma zimeandikwa omu 4. Anazifunga kwenye kiamplifaya alichong'oa kwenye sabufa, boksi linasema wati 1,000, anapandisha sauti mpaka mwisho. Besi haipo. Wiki ya pili harufu ya kuungua inajaa geto. Mtaa unasema spika zilikuwa mbovu, na hela ya msimu mzima wa tangawizi ndiyo imeenda hivyo.

Kumbe spika zilikuwa nzima kabisa. Shida ni kwamba spika ni ya enzi moja na amplifaya ni ya enzi nyingine. Ukirudi nyuma kidogo unaona kwa nini.

Mwanzo amplifaya haikuwepo. Gramafoni ya kuzungusha kwa mkono ilikuwa na springi, sindano na honi, basi. Santuri za GV zenye rumba ya Kuba, zilizoanza kutoka miaka ya 1930, zilisambaa Afrika Mashariki kwa mashine za aina hiyo. Hakuna hata wati moja ya umeme, lakini watu walicheza. Honi ilikuza kile kidogo kilichotoka kwenye sindano.

Redio za valvu zilipokuja, mambo hayakubadilika sana: wati chache, spika ya karatasi nyepesi ndani ya kabati kubwa. Halafu kuna vile vipaza sauti vya honi vya kanisani na msikitini, vinavyoweza kuendeshwa hata na betri ya gari, na sauti inavuka bonde zima. Hapa kuna hesabu tamu. Honi ya desibeli 105 kwa wati 1 ni kitu cha kawaida. Spika ya sebuleni ya desibeli 85 inahitaji wati 100 kufikia sauti ile ile. Mara mia! Mtu aliyekulia Suji au Mbaga akisikia betri moja inaita kijiji kizima ibadani, utamlaumu vipi akiamini wati chache zinatosha? Kwa honi zinatosha.

Spika za sebuleni zikachukua njia nyingine. Mwaka 1954 Mmarekani Edgar Villchur alitoa AR-1, spika iliyofungwa kabisa isipitishe hewa. Kwa kasha lile dogo, besi yake ilikuwa nzito kuliko mtu yeyote alivyotarajia, ila bei yake ilikuwa kiu: ilihitaji wati nyingi ili iongee. Transista ziliposhusha bei ya wati, watengenezaji wengi wakafuata njia hiyo. Wengine wakazidisha. Miaka ya 1980 Marekani ilitoka Apogee Scintilla, spika iliyoweza kufungwa kwa omu 1, mzigo ambao amplifaya za kawaida hazikuuweza kabisa.

Upareni mambo hayo yalichelewa. Baada ya Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, nchi ilikaukiwa fedha za kigeni, na aliyekuwa na redio ya National au Philips ya betri kavu alijiona yuko vizuri. Mwaka 1984 serikali ikaanza kuruhusu watu walete bidhaa kwa fedha zao wenyewe, 1985 akaingia Rais Mwinyi, Mzee Ruksa, na redio kaseti za Dubai zikamiminika.

Hapo ndipo anapotokea mshua. Kila ukoo una wake: anafanya kazi Dar au Tanga, Krismasi anapanda milimani na mziki wake, deki, amplifaya na spika mbili. Akifika nyumbani, umeme hakuna. Anaitwa fundi redio, betri ya gari inashushwa, na fundi anajua kitu ambacho mshua hajui. Kwa volti 12, amplifaya isiyo na kipandisha volti haiwezi kuvuka kama wati 18 safi kwa spika ya omu 4, na kama 9 tu kwa omu 8. Boksi liandike 500, liandike 5,000, betri haisomi boksi. Ndiyo maana spika za magari nyingi ni omu 4: ukiwa na volti chache, unapunguza omu ili upate wati.

Ujanja huo ulikuwa sahihi kwa betri. Balaa lilianza umeme ulipofika, maana watu waliendelea nao. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi 2007, nguzo zikapanda mlima, sabufa zikafuata. Sasa chukua amplifaya iliyotengenezwa kwa omu 8, ifunge spika mbili za omu 4 kwenye waya mmoja, zinakuwa omu 2. Inadaiwa mkondo mara nne ya ule iliozoea. Inachemka, inakufa.

Nyingine haifi, ila inaua. Amplifaya ndogo ikisukumwa kupita uwezo inakata vichwa vya mawimbi ya sauti, na ile takataka inaishia kwenye twita. Watu wengi wanadhani spika inaungua kwa kupewa wati nyingi. Mara nyingi imeunguzwa na amplifaya dhaifu iliyokuwa inapiga kelele.

Ongeza na laini ndefu za vijijini. Saa mbili usiku kila mtu kawasha, volti 230 ikishuka hadi 190, amplifaya ya transfoma inabaki na kama asilimia 68 ya wati zake. Ya 100 inakuwa ya 68.

Fundi mzuri wa stendi hasomi boksi. Anageuza spika nyuma, anatafuta omu na desibeli. Ikiwa ni omu 4 na desibeli 86, anajua inataka wati mara nne ya ile ya 92 kwa sauti ile ile. Kisha anageuza amplifaya, anatafuta imeruhusiwa omu ngapi na inakula umeme kiasi gani. Kitu kinachokula wati 60 ukutani hakiwezi kutoa 1,000, hiyo ni hesabu ya darasa la nne. Vidude vya Bluetooth ni hivyo hivyo: adapta ya volti 12 na ampea 5 ni wati 60 kwa jumla. Halafu anainua. Amplifaya ya zamani ya Kijapani yenye transfoma kubwa ina uzito wa kueleweka, na ikiwa imeandikwa wati 60 kwa omu 8 na 100 kwa omu 4, hiyo ina mkondo kweli. Iliyoandikwa wati za omu 8 peke yake anaiwekea alama ya kuuliza.

Na jamaa asiye na hela ya hiyo? Fundi anamfungia spika zote mbili kwa mfululizo kwenye upande mmoja, zinakuwa omu 8. Stereo inapotea, sauti inapungua kidogo, ila singeli inapigwa mpaka asubuhi na hakuna kinachonuka.