Kizingiti cha Ngeli: Tanbihi Juu ya Historia ya Ufundishaji wa Isimu katika Bonde la Ufa

Shule iliyoanzishwa na Lord Maurice Egerton huko Njoro, karibu na Nakuru, mwaka 1939, haikukusudiwa kufundisha sarufi. Ilikusudiwa kuwafunza ukulima vijana wa Kizungu. Baadaye ikawa chuo cha kilimo. Mwaka 1986 ikafanywa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1987 ikawa chuo kikuu kamili. Ni katika miaka hiyo hiyo ambapo mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za sekondari. Walimu wakahitajiwa kwa wingi, na darasa la chuo kikuu likakabiliwa na swali ambalo wanafunzi wengi hulipita shuleni kwa kukariri tu: ngeli ni nini hasa?

Swali hili ni kongwe. Bleek alizipa nambari ngeli za lugha za Kibantu mwaka 1862. Steere, mwaka 1870, alizigawa nomino za Kiswahili katika makundi manane. Meinhof aliziendeleza nambari za Bleek, naye Ashton, mwaka 1944, akatafuta wazo la kimaana nyuma ya kila ngeli. Shule za Kenya nazo hufundisha A-WA, KI-VI, LI-YA na nyinginezo, kwa kufuata viambishi vya upatanisho. Hesabu hizi hazilingani kwa sababu hazihesabu kitu kimoja. Asiyeling'amua jambo hilo hudhani kwamba wataalamu wanabishana juu ya idadi.

Mwaka 2003 Meyer na Land, huko Uingereza, walitumia jina la dhana za kizingiti kwa mawazo ya aina hii: mawazo ambayo mwanafunzi akishayavuka huliona somo lake kwa jicho jingine, wala hawezi tena kuliona kwa jicho la zamani. Muda ule wa kusitasita mlangoni waliufananisha na hali ya mwali aliyetengwa jandoni, fikra iliyotoka kwa van Gennep (1909) na kupanuliwa na Turner. Katika Bonde la Ufa mfano huo hauhitaji kufafanuliwa sana.

Tuchukue neno kiboko. Twasema "kiboko amelala ziwani", yule mnyama wa Naivasha. Twasema pia "kiboko kimekatika", yaani mjeledi. Umbo ni lile lile, upatanisho ni mbali mbali. Mwanafunzi anayeamini kwamba ngeli imo ndani ya kiambishi cha nomino huita mfano huu kighairi, akauandika pembeni pamoja na kifaru na kipofu. Aliyevuka haoni kighairi chochote: ngeli kwake ni uhusiano baina ya maneno katika sentensi, si sifa ya neno moja.

Katika eneo hili wavukaji hawatoki mahali pamoja. Msemaji wa Kikalenjin hukijia Kiswahili akitoka katika lugha ya Kiniloti, isiyo na mfumo wa ngeli wa aina hii. Hana budi kujifunza kila kitu. Msemaji wa Kigikuyu hudhaniwa kuwa na nafuu, kwa kuwa lugha yake ina ngeli. Lakini husema ng'ombe ĩno, bila kumtenga mnyama na vitu vingine vya ngeli ile, na kwa hiyo "ng'ombe hii" humtoka kinywani hata akiwa shahada mkononi. Kwa maoni yangu huyu wa pili ndiye mwenye kazi ngumu zaidi, maana analazimika kuutilia shaka ujuzi ambao hajui kwamba anao. (Mhadhiri mzaliwa wa pwani ana kazi kama hiyo, ingawa si rahisi kukiri.)

Meyer na Land walionya pia juu ya uigaji: mwanafunzi hutamka maneno ya waliovuka huku yeye mwenyewe angali nje. Mitihani yetu huupenda uigaji huo. "Taja ngeli za Kiswahili kwa mifano" hujibiwa vizuri na aliyekariri, naye hupelekwa kufundisha Molo au Baringo, akawakaririsha wengine. Swali la kuuliza kwa nini kiboko amelala na kiboko kimekatika ni gumu kusahihisha, na huchukua nusu ya saa ya mabishano darasani.