Madhabahu ya Likoma
Kutoka Somanda hadi Likoma ni safari hasa, tena unavuka mpaka. Kisiwa chenyewe kidogo tu, kimo Ziwa Nyasa jirani kabisa na ufuko wa Msumbiji, ila ni cha Malawi. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walipiga kambi hapo miaka ya 1880. Askofu wao Chauncy Maples akazama ziwani 1895. Kanisa kuu la Mtakatifu Petro lilianza kujengwa 1903, likawekwa wakfu 1911. Jengo kubwa mno. Unajiuliza, watu wa kulijaza watatoka wapi?

Lakini kilichonigandisha si ukubwa. Inasimuliwa kwamba madhabahu imewekwa pale pale walipochomwa moto watu waliotuhumiwa uchawi. Jamani! Kwetu Usukumani vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, na macho hayo ni ya moshi wa jikoni, basi. Bibi yangu alikuwa nayo. Nikiwa mdogo, baba alikuwa akilala mlangoni kwake, panga pembeni.

Nikamwuliza mzee aliyenitembeza: wale waliochomwa, hata mmoja jina lake nani?

Hakulijua.