Kabla Hatujakata Tiketi

Mwaka 1974 Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi aliyekuwa akisomea ufinyanzi Farnham, Uingereza, alifunga safari kwenda kujifunza zaidi kazi ya udongo. Hakwenda Japani wala Italia. Alikwenda Abuja, Nigeria, kwa kina mama wa Kigwari waliofinyanga kwa mikono, bila gurudumu. Aliyemshauri aende huko alikuwa Mwingereza, Michael Cardew. Hebu lifikirie hilo: binti wa Kenya anaambiwa na mzungu, huko huko Uingereza, kwamba mwalimu anayemfaa yuko Afrika.

Nalitaja kwa sababu kikundi chetu cha wafinyanzi kinapanga safari ya mafunzo ya wiki mbili ng'ambo, na mjadala umekwama palepale: twende wapi? Wengi wanataka Ulaya. Mimi nasema tuanze kwa kusoma safari za waliotutangulia, maana zina mambo ambayo hesabu ya nauli haionyeshi.

Abuja ile si jiji la leo. Ulikuwa mji mdogo, na serikali ya Nigeria ilipoamua mwaka 1976 kujenga makao makuu mapya, jina lilichukuliwa na mji wenyewe ukaitwa Suleja. Hapo ndipo Cardew, akiwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, alipofungua kituo cha ufinyanzi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wanaume, wakifundishwa gurudumu na tanuri la kuni. Ajabu ni kwamba eneo lile lilikuwa limejaa wafinyanzi hodari tayari, ila walikuwa wanawake. Cardew aliuona mtungi wa mmoja wao katika kasri la Emiri Suleiman Barau, ukamkaa moyoni. Mwaka 1954 aliyeufinyanga, Ladi Kwali, akaingia kituoni, mwanamke wa kwanza pale. Baadaye wakaja Halima Audu, Asibi Ido na Kande Ushafa. Chumba chao cha kazi kiliitwa Dakin Gwari.

Kazi ya Ladi Kwali inafaa kuelezwa polepole. Chungu kikikaa chini bila kuzunguka, yeye ndiye aliyekizunguka. Alianza na bonge la udongo, akalitanua kwa ngumi kutoka ndani, kisha akaongeza misokoto ya udongo moja juu ya nyingine huku akitembea, mkono mmoja ndani na mwingine nje, hadi tumbo la mtungi litokeze. Halafu akakwangua, akachora mijusi, nyoka, nge na mamba. Kijijini mtungi kama huo ulichomwa nje, chini ya kuni na nyasi, ukabaki na vitundu vidogo vinavyopitisha maji kidogo kidogo. Ndiyo maana maji yake huwa baridi. Kituoni ulipakwa rangi inayogeuka kioo na kuchomwa kwa moto mkali zaidi. Ukapendeza sana, ila haukupoza tena maji. Ukawa mtungi wa kutazamwa.

Na yeye mwenyewe je? Mwaka 1962 alikwenda Uingereza kuonyesha kazi yake. Mwaka 1972 akazunguka Marekani pamoja na Cardew na mfinyanzi wa Ghana, Clement Kofi Athey. Cardew alihutubu, Ladi Kwali alifinyanga, watu wakitazama. Sisemi alinyanyaswa. Heshima alipata: Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello kilimtunukia udaktari wa heshima mwaka 1977, na leo picha yake iko kwenye noti ya naira 20. Lakini katika safari zile maelezo yalikuwa ya mtu mmoja na mikono ilikuwa ya mwingine.

Safari ya Odundo ilikuwa kinyume. Yeye aliyekuwa na elimu ya chuo ndiye aliyekaa kama mwanafunzi, na mama wa kijijini akawa mwalimu. Mwaka 1976 alifika San Ildefonso, New Mexico, kuona vyungu vyeusi vya Wahindi Wekundu wa kule. Ukitazama vyombo vyake vilivyoko British Museum, vimejengwa kwa mkono, vikasuguliwa hadi vikang'aa, vikachomwa vikawa vyekundu au, moto ukinyimwa hewa, vyeusi. Gurudumu halimo.

Kwa hivyo kura yangu ni Suleja na vijiji vya Kwali. Wenzangu wanauliza usalama, wanauliza nauli, na wana haki. Wanauliza pia kwa nini tupande ndege kumtazama mama akikanda udongo ilhali pale Ilesi, Kakamega, vyungu vimepangwa kando ya barabara. Swali hilo ndilo ninalolipenda. Wengi wetu hupita Ilesi tukipunguza bei kutoka dirishani mwa gari, halafu tunalipa bila kinyongo ada ya warsha ya mgeni aliyejifunza kwa kina mama kama hao hao. Ati mfinyanzi hulia gaeni. Sasa anayemnyima sahani ni mfinyanzi mwenzake.

Basi nimependekeza mambo mawili yaingie kwenye bajeti kabla ya hoteli. Kwanza, kina mama watakaotufundisha Nigeria walipwe ada ya mwalimu, kwa siku, siyo bahashishi ya kuaga. Pili, viti viwili viwe vya wafinyanzi wa Ilesi, waende kufundisha na kufundishwa, na wakae kwenye mazungumzo wakiwa na mkalimani, wasiitwe tu wakati wa kufinyanga.

La kwanza limepita. La pili bado linabishaniwa, lakini mama mmoja amekubali. Hajawahi kuwa na pasipoti, na kwa sasa tunatafuta cheti chake cha kuzaliwa.