Halmashauri Zilipopata Msemaji

Baba yangu alikuwa na mfuko wa nailoni aliouchomeka juu ya kenchi, pale moshi wa jikoni usipofika. Mlikuwa na kadi ya chama, vyeti vyetu vya ubatizo na stakabadhi za kodi ya maendeleo, ambayo sisi tuliiita kodi ya kichwa. Siku ya gulio aliitoa stakabadhi ya mwaka ule, akaikunja mara nne na kuitia mfukoni mwa shati. Mgambo walitega kamba barabarani, na asiyekuwa na karatasi hiyo aliishia mahabusu. Kodi ile ilipofutwa mwaka 2003, kijiji kizima kilishangilia, nami nikiwamo. Ilinichukua miaka kujiuliza lile swali linalomnyima diwani usingizi: zahanati na barabara ya kata zitajengwa kwa fedha ipi?

Jumuiya ya Tawala za Mitaa Tanzania, ALAT, ndiyo inayoliuliza swali hilo mbele ya Serikali Kuu kwa niaba ya halmashauri zote za Tanzania Bara. Ilianzishwa tarehe 13 Desemba 1984. Halmashauri zenyewe zilikuwa zimefufuka Januari mwaka huohuo, kwa sheria namba 7, 8 na 9 za mwaka 1982. Kabla hazijamaliza mwaka wa kwanza, tayari zilikuwa zimeungana. Mimi naisoma haraka hiyo kama kumbukumbu ya kilichozipata miaka 12 nyuma.

Halmashauri za mwanzo wa uhuru hazikuwa za mchezo. Dar es Salaam ilikuwa manispaa tangu 1949, na mwaka 1960 ilipata meya wake wa kwanza Mwafrika, Sheikh Kaluta Amri Abedi, yule mshairi aliyewafundisha wengi kanuni za vina na mizani. Vijijini, halmashauri za wilaya zilijenga shule za msingi na zahanati kwa kodi ya watu wao na ushuru wa mazao. Mwaka 1969 Serikali iliviondoa vyanzo hivyo viwili. Zikabaki na majukumu yaleyale na mifuko mitupu, kisha zikalaumiwa kwa kushindwa kazi. Mwaka 1972 ukaja mpango wa Madaraka Mikoani, ulioandaliwa kwa ushauri wa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey. Halmashauri za wilaya zikafutwa, na muda mfupi baadaye za mijini zikafuata. Lengo lililotangazwa lilikuwa kusogeza madaraka kwa wananchi. Waliosogea ni watumishi wa Serikali Kuu, waliopelekwa mikoani na wilayani kushika kazi za madiwani.

Miji iliumia kwanza. Taka zilirundikana, mifereji ikaziba, na katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 kipindupindu kikaingia. Mwaka 1978 Bunge likatunga sheria ya kuzirudisha halmashauri za miji. Mwalimu Nyerere mwenyewe, katika mahojiano ya mwaka 1984, alikiri kwamba kama angeanza upya asingezifuta serikali za mitaa wala vyama vya ushirika. Namheshimu kwa ungamo hilo, maana viongozi wengi huondoka na makosa yao moyoni.

Mwaka huo wa 1984 ndio pia yalipofanyika mabadiliko ya Katiba yaliyoziingiza serikali za mitaa katika Ibara ya 145 na 146. Kuanzia hapo, kuzifuta zote kwa pamoja kungehitaji kuigusa Katiba. Lakini kumega madaraka kipande kwa kipande hakuhitaji hilo, na hapo ndipo kazi ya ALAT ilipo.

Kazi yenyewe haina shamrashamra. Halmashauri hulipa ada. Kila mkoa una tawi. Mara moja kwa mwaka wenyeviti, mameya na wakurugenzi hukutana, mara nyingi mgeni rasmi akiwa Rais au Waziri Mkuu. Mtu wa nje huona makoti na hotuba. Uzito uko kwenye mafaili: maoni juu ya muswada wa fedha, kikao na TAMISEMI, wizara inayosimamia serikali za mitaa, kuhusu ruzuku iliyochelewa, diwani mpya anayefundishwa kusoma bajeti ili mkurugenzi asimpitishie asichokielewa. Halmashauri moja ya pembezoni ikilalamika peke yake, barua yake hujibiwa kwa waraka. Zikilalamika zote kwa sauti moja, waziri hulazimika kuja kujibu mwenyewe.

Lakini kusikilizwa si kukubaliwa. Baada ya kodi ya kichwa kufutwa, halmashauri zilipewa ruzuku ya fidia, na fidia hupangwa na mwenye kuitoa. Mwaka 2016 kodi ya majengo ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, na mwaka uliofuata mabango ya matangazo nayo yakafuata. Mwaka 2017 huohuo ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula. Mkulima alipumua, na alistahili. Halmashauri inayoishi kwa korosho au pamba ilibaki kupanga upya bajeti yake.

Dar es Salaam inaonyesha zaidi jinsi halmashauri ilivyo mikononi mwa Serikali Kuu. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji ilivunjwa na Waziri Mkuu Frederick Sumaye, ikatawaliwa na tume chini ya Charles Keenja hadi ilipogawanywa mwaka 2000. Februari 2021 Rais Magufuli akaivunja tena, na Ilala ikapandishwa kuwa jiji. Uchafu na ubadhirifu wa miaka ya 1990 siutetei. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu hadi leo zinaonyesha makusanyo yasiyofika benki. Hata hivyo, diwani mbovu ana dawa yake, nayo ni kura.

Wenzetu wa Afrika Kusini waliipa sauti ya halmashauri nguvu ya kisheria. Katiba yao ya mwaka 1996 inaitaka sheria ivitambue vyama vya serikali za mitaa, na chama chao, SALGA, kinaruhusiwa kuwa na wajumbe hadi 10 katika Baraza la Taifa la Majimbo. Hawapigi kura, lakini wamo ukumbini muswada unapojadiliwa. Ibara zetu mbili, ya 145 na 146, haziitaji ALAT kabisa. Inaingia bungeni kama mdau mwingine yeyote anayekuja kutoa maoni kwenye kamati. Hilo ndilo ningeomba lirekebishwe kabla ya lingine lolote.

Tangu 2021 kodi ya majengo ya nyumba yangu hukatwa kwenye Luku, mita ya umeme. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi. Naingiza namba za umeme na fedha imeshakwenda. Mbele ya nyumba kuna mtaro ulioziba tangu masika. Majirani wakitaka uzibuliwe, hawaendi Mamlaka ya Mapato. Wanamgongea diwani.