Mzee wa Kibera Hufia Wapi?

Julai 2019 Kenya ilipoteza watu watatu kwa saratani, na wote watatu walikuwa na majina makubwa. Tarehe 1 alikuwa Bob Collymore, mkuu wa Safaricom. Tarehe 26 Ken Okoth, mbunge wa Kibra na mtoto wa Kibera mwenyewe. Siku tatu baadaye Joyce Laboso, gavana wa Bomet. Kwa wiki kadhaa hatukuongea kitu kingine. Kwa matatu, kwa kinyozi, kwa WhatsApp za familia, kila mtu alikuwa na ramani yake. Kansa iko Bomet. Kansa iko Meru. Kansa imejaa Nyeri juu ya dawa za kunyunyizia kahawa. Kansa iko Nairobi juu ya sukuma inayomwagiliwa maji taka.

Mimi ni wa Kawangware. Kwa hizo ramani zote niliona mahali pamoja hapatajwi, nako ni mtaani kwetu. Okoth alikufa akiwa na miaka 41 na nchi nzima ikajua ugonjwa wake. Lakini wazee waliompigia kura, wale wa miaka 65, 70, 80 wa Gatwekera, Makina na Lindi, wanakufa kwa saratani kwa kiwango gani ukiwalinganisha na wenzao wa Bomet? Na wale wa kwetu, ng'ambo ya Ngong Road? Nimetembea na hilo swali miaka kadhaa sasa. Ukilifuata vizuri, halikupeleki kwa daktari. Linakupeleka kwa karani.

Tuanze na karani basi. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ilianza kulazimisha watu waandikishe vizazi na vifo, ila sheria hiyo iliwalenga watu wa asili ya Ulaya na Marekani. Mwafrika akizaliwa au akifa, hilo lilikuwa jambo la kwao nyumbani. Uandikishaji wa lazima kwa kila mtu ulikuja kuanza 1963, Nairobi na Nyeri, halafu ukasukumwa wilaya kwa wilaya hadi ukafika nchi nzima 1971. Hesabu mwenyewe: mtu aliye na miaka 75 leo alizaliwa kabla karani hajafika kwao. Umri ulio kwa kitambulisho chake mara nyingi ni makadirio ya mtu aliyemwangalia usoni akauliza maswali mawili matatu. Shosh wangu ukimuuliza alizaliwa lini atakwambia alikuwa ashaanza kutembea wakati wa njaa ya mianga, ile njaa ya mihogo ya 1943. Hiyo ndiyo tarehe yake, na kusema kweli naiamini kuliko ile iliyo kwa kadi.

Hii si hadithi tu ya kufurahisha. Kiwango cha vifo ni sehemu, kama zile za hesabu za darasa la tano: juu unaweka waliokufa, chini unaweka watu wote wa umri huo. Umri ukiwa wa kubahatisha, namba zote mbili zinayumba. Na kwa Kibera ile ya chini iliyumba kitambo. Miaka na miaka tuliambiwa Kibera ina watu milioni moja, wengine wakasema zaidi. Sensa ya 2009 ikapata 170,070. Ile ya 2019 ikapata 185,777 kwa kaunti ndogo nzima ya Kibra. Watu walibishana sana, na bado wanabishana. Lakini ukigawanya vifo vile vile kwa milioni moja au kwa laki moja na elfu themanini, unapata mitaa miwili tofauti kabisa, mmoja wenye afya na mwingine wa kutisha.

Kawangware nayo ina yake. Hadi uhuru, Dagoretti ilikuwa upande wa Kiambu. Mpaka wa jiji uliposukumwa 1963, Kawangware ikaamkia Nairobi. Kuna wazee pale kwetu waliozaliwa Kiambu na wakazeekea Nairobi bila kuhamisha hata kiti. Ukisikia mtu analinganisha mikoa ya zamani na ya sasa, muulize mipaka ni ya mwaka gani.

Kuna mtego mwingine, na huu ndio unaowanasa watu wa mitandaoni. Nairobi ni jiji la vijana. Nyeri na Murang'a zimebaki na wazee, kwa sababu vijana wao tuko nao huku tukikodisha keja. Saratani nyingi ni ugonjwa wa umri mkubwa. Kwa hivyo ukihesabu vifo kavu kavu, Nyeri itaonekana inaangamia na Nairobi itaonekana imepona, hata kama mzee wa miaka 70 wa Nyeri na yule wa Kawangware wako kwa hatari sawa kabisa. Ndiyo maana wataalamu husawazisha umri kwanza: wanajifanya kila mahali pana mchanganyiko mmoja wa watoto, vijana na wazee, kisha ndio wanalinganisha. Ramani za kinyozi hazisawazishi kitu.

Sasa, nani alikuwa anahesabu saratani zenyewe? Nairobi ilikuwa na maabara ya utafiti wa tiba tangu enzi za mkoloni, na mpasuaji maiti wake, F. W. Vint, alichapisha kwenye jarida la Lancet mwaka 1935 makala kuhusu saratani kwa wenyeji wa Kenya. Huyu Vint ndiye yule yule aliyekuwa amechapisha, mwaka mmoja kabla, utafiti wa kupima ubongo wa Mwafrika na kutoa picha kwamba ni duni. Mikono ile ile, meza ile ile. Nikisoma takwimu za zamani za afya yetu huwa nakumbuka hilo, si kwa sababu uvimbe ulidanganya, bali kwa sababu ya kujiuliza nani alifikishwa mezani na kwa nini.

Baada yake C. A. Linsell alikusanya saratani za Kenya za 1957 hadi 1963, akitegemea vipande vya nyama vilivyotumwa maabara Nairobi. Fikiria kinachohitajika kipande kifike. Lazima uugue, uende hospitali, daktari akukate, kipande kiwekwe kwa chupa, chupa isafiri. Bibi wa miaka 70 aliyefia jikoni kwake hakutuma chupa.

Waliovunja huo mtindo walikuwa Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Kampala, na Paula Cook. Burkitt anajulikana kwa ile saratani ya mataya ya watoto iliyopewa jina lake, na kwa safari yake ya 1961 ya maelfu ya maili kwa gari akiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama wameiona. Baadaye yeye na Cook waliendelea kukusanya hesabu kutoka hospitali za wamishonari Afrika Mashariki nzima. Ramani iliyotoka ilikuwa ya ajabu. Saratani ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, ilijaa upande wa Kisumu na magharibi ya Kenya, lakini ukiingia Uganda inapungua sana. Mwaka 1971 Cook alipendekeza tuangalie pombe za mahindi. Wengine wametazama chai. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio. Bomet bado inasumbuliwa na huo ugonjwa, na hospitali ya Tenwek imekuwa miaka mingi ikiweka vibomba kwa koo za wagonjwa ili angalau wameze.

Hapo ndipo ramani inarudi kwetu, maana Kibera na Kawangware hazina watu wa Kibera na Kawangware pekee. Gatwekera imejaa watu wa Nyanza. Kawangware 56 imejaa Waluhya. Walikuja na chai yao, busaa ikaja, na Kibera yenyewe ilikuwa na jina kwa pombe ya Wanubi kabla wengi wetu hatujazaliwa. Kama hatari ya umio inajengwa polepole kwa miaka mingi, basi sehemu ya hatari ya Kisumu na Vihiga imekuwa ikilala Nairobi tangu miaka ya sitini.

Kwa ploti yetu kulikuwa na mzee wa Vihiga, soja wa usiku Lavington. Alikuwa amefanya kazi upande huo tangu kabla Moi awe rais. Kila jioni alibeba thamosi ya chai, na alikuwa akituambia chai isiyochoma si chai. Mwaka mmoja akaanza kukataa ugali. Akasema unakwama. Akahamia uji, kisha chai peke yake. Kliniki moja ya mtaa ilimpa dawa za vidonda vya tumbo miezi nenda miezi rudi. Alipokonda hadi saa ikawa inateleza mkononi, watoto wake walikaa wakaamua aende nyumbani akapumzike. Tulichanga nauli. Desemba akapanda basi, Februari simu ikaja. Baadaye binti yake alinionyesha karatasi iliyoandikwa kijijini. Mahali pa sababu ya kifo paliandikwa ugonjwa wa muda mrefu. Umri, sabini.

Tuelewane hapa. Mtu akifia hospitali Kenya, hospitali hujaza fomu inayoitwa D1, na mhudumu wa afya ndiye anaandika sababu. Akifia nyumbani, fomu ni D2, na anayeijaza ni naibu wa chifu, akisaidiwa na maelezo ya jamaa. Naibu wa chifu si daktari na hajawahi kudai kuwa daktari. Anaandika alichoambiwa. Kwa hiyo yule jirani, aliyeishi Nairobi miaka zaidi ya arobaini, yuko kwa vitabu kama kifo cha Vihiga, cha mzee, cha ugonjwa wa muda mrefu. Kawangware haimo. Saratani haimo. Na sidhani kuna aliyekosea makusudi. Kila mmoja alifanya kitu cha heshima: watoto walimrudisha baba kwao, naibu wa chifu akawapa kibali cha kuzika.

Kurudi nyumbani si jambo dogo kwetu. Kesi ya S. M. Otieno, wakili aliyekufa Desemba 1986, iliendelea miezi mitano kortini kwa sababu ya swali moja: azikwe Matasia alivyotaka mjane wake Wambui, au Nyalgunga, Siaya, alivyotaka ukoo? Alizikwa Nyalgunga, Mei 1987. Lakini Otieno alifia Nairobi, na cheti cha Nairobi. Maskini hufanya kinyume. Kusafirisha maiti ni ghali kuliko kusafirisha mgonjwa, kwa hivyo mgonjwa hupandishwa basi angali anaweza kukaa.

Wanubi ndio tofauti. Walipewa ardhi Kibera kama askari wa mkoloni, ekari 4,197 zikatangazwa rasmi 1918, na ilipofika 2017 walipewa hati ya ekari 288. Hawana ushago kwingine. Makaburi yao yako pale pale. Kama kuna wazee wa Kibera wanaofia na kubaki Kibera hata kwa vitabu, ni hao.

Jambo linaloniuma ni ukaribu. Rejista ya Saratani ya Nairobi ilianzishwa 2001 ndani ya KEMRI, kando ya barabara ya Mbagathi. Kutoka Kibera unatembea. Hospitali ya Mbagathi iko hapo, Kenyatta iko hapo juu, na kwa miaka mingi Kenyatta ndiyo ilikuwa hospitali pekee ya umma nchini yenye tiba ya mionzi. Rejista inajua mengi: tezi dume inaongoza kwa wanaume wa jiji, matiti na mlango wa kizazi kwa wanawake. Inajua kuhusu waliofika. Hata Kibera yenyewe imewahi kuhesabiwa nyumba kwa nyumba, Gatwekera na Soweto, na watafiti waliofanya kazi na kliniki ya Tabitha. Walikuwa wakitafuta homa, kikohozi na kuhara. Hizo ndizo zilizoogopesha wafadhili, na ziliua watoto kweli, sitadharau. Uvimbe wa mzee haukuwa kwa orodha.

Na zile namba za taifa zinazosomwa kwa habari? Makadirio ya kimataifa ya 2018 yalisema wagonjwa wapya 47,887 na vifo 32,987. Ya 2020 yakasema 42,116 na 27,092. Saratani haikukimbia Kenya kwa miaka miwili. Ni hesabu iliyopigwa upya, kwa sababu vifo vyetu vya saratani havihesabiwi kutoka kwa vyeti. Vinakadiriwa kutoka kwa wagonjwa ambao rejista chache kama ya Nairobi na ya Eldoret zimewaona.

Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii laki moja, wenye mikoba, simu, mashine ya presha na ya sukari. Nilitembea asubuhi moja na mmoja wao Kibera, mama wa makamo anayejua kila mlango. Kwa nyumba moja alikuta mgonjwa wake, mzee wa Siaya, hayuko. Jirani akasema alichukuliwa na kijana wake wiki iliyopita, alikuwa hali chakula.

"Sasa hapo mama, kwa daftari unaandika nini?" nikamuuliza.

"Si unaona mlango umefungwa, mwanangu? Naandika amehama."