Ufuatiliaji wa uzima wa sehemu za kompoziti katika ndege

Ufuatiliaji wa uzima wa kompoziti ni kazi ya kupima, kwa vihisi vilivyobandikwa kwenye sehemu ya ndege au kuzamishwa ndani yake, iwapo bawa, mkia au bodi bado ni nzima. Fundi wa ukaguzi huja na vifaa vyake kwa ratiba na kuondoka navyo. Vihisi hivi hubaki humo maisha yote ya sehemu.

Kompoziti ya ndege aghalabu ni tabaka za nyuzi za kaboni, kila uzi mwembamba kuliko unywele, zilizoshikamanishwa kwa epoksi na kuokwa kwa joto na shinikizo. Takriban nusu ya uzito wa muundo wa Boeing 787 ni kompoziti, na Airbus A350 hufikia asilimia 53. Kenya Airways ilipata 787 yake ya kwanza mwaka 2014, Air Tanzania mwaka 2018.

Bati la alumini likigongwa na gari la mizigo hubonyea na kubaki hivyo. Kompoziti hubonyea kidogo kisha hurudi. Uso hubaki laini ilhali ndani tabaka zimeachana, na upande usioonekana ndio mara nyingi huumia zaidi. Ndiyo maana kanuni za uidhinishaji hudai kwamba sehemu yenye jeraha lisilotarajiwa kugunduliwa ukaguzini iendelee kuhimili mara 1.5 ya mzigo mkubwa kabisa unaotazamiwa katika utumishi wake.

Tukio lenye mafunzo mengi kuliko yote ni la tarehe 6 Machi 2005. Airbus A310 ya Air Transat, ikitoka Varadero, Cuba, kwenda Québec, ilipoteza karibu usukani wote wa mkiani ikiwa juu angani. Marubani walirudi Varadero na kutua salama. Usukani huo ulikuwa ngozi mbili nyembamba za kompoziti zilizobana kiini chenye umbo la sega la nyuki, na wachunguzi wa Kanada waliona kuwa mpango wa ukaguzi wa wakati ule haukutosha kugundua uharibifu mapema. Mafundi walitegemea macho na kugonga kwa nje, kama mnunuzi agongavyo chungu kusikia kama kina ufa. Kugonga hufichua ngozi ya nje iliyobanduka. Ngozi ya ndani ikiachana na sega, sauti haibadiliki vya kutosha.

Ajali ya New York ya Novemba 2001, ambapo mkia wima wa Airbus A300 ulikatika, hutajwa mara nyingi pamoja na tukio hili, lakini ni jambo jingine: pedali za usukani zilikanyagwa kwa nguvu kushoto na kulia, hata mzigo ukapita ule mkia uliosanifiwa kuuhimili.

Njia iliyochunguzwa sana hutumia visahani vya kauri vya pizoelektriki. Kimoja hutetemeshwa kwa umeme, vingine husikiliza mawimbi yakisafiri ndani ya bamba. Mawimbi hayo yalielezwa kihisabati na Horace Lamb wa Uingereza mwaka 1917, na yanapofika penye tabaka zilizoachana hutawanyika au huchelewa. Kompyuta hulinganisha mwangwi wa leo na ule uliorekodiwa sehemu ikiwa nzima. Hapo ndipo ugumu ulipo: joto pia hubadilisha mwendo wa mawimbi, na gundi ya kisahani huzeeka. Mfumo usiotenganisha baridi na ufa utawachosha mafundi kwa tahadhari za uongo hadi waache kuuamini.

Njia nyingine, ya nyuzi za kioo zenye alama za Bragg, yaani vijistari ndani ya uzi vinavyorudisha mwanga wa urefu mmoja wa wimbi, ina tatizo hilohilo la joto. Urefu wa wimbi la mwanga unaorudishwa huhama kwa takriban pikomita 1.2 kwa kila mvuto wa sehemu moja katika milioni, lakini huhama pia kwa pikomita 10 hivi kwa kila nyuzijoto moja. Kwa hiyo huwekwa alama ya pili isiyovutwa, ya kupima joto tu. Tena uzi wa kioo wa kawaida una kipenyo cha milimita 0.125, karibu sawa na unene wa tabaka moja la kaboni, na epoksi inayojikusanya kando yake yaweza kuwa chanzo cha udhaifu.

Mwongozo wa mwaka 2013 wa SAE, shirika la wahandisi linalotoa viwango, uitwao ARP6461, uliweka utaratibu wa kuthibitisha mifumo hii. Manufaa ya karibu zaidi ya mifumo hiyo yako uwanjani: kujulisha kwamba bodi imegongwa, na wapi, hata kama dereva wa gari la mizigo hakuripoti, ili fundi apeleke kipimo cha ultrasauti mahali hapo kabla ndege haijaruka.